Kitabu chema hakijiuzi: Funzo la duka la vitabu la Mollat

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni tamu mdomoni, na wanafunzi huipenda sana katika insha. Lakini hebu ipeleke katika biashara ya vitabu uone itakavyokutupa. Kitabu chema hakijiuzi. Chaweza kukaa rafuni miaka mitatu kikimsubiri msomaji mmoja, ilhali kitabu chepesi cha msimu kinaisha kwa wiki moja. Anayekiuza kitabu chema ni mtu: mtu aliyekisoma, akakiweka pale kinapoonekana, kisha akakubali kulipa kodi ya nyumba mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya bidhaa isiyotoka haraka.

Tunapozungumzia urithi wa fasihi wa eneo fulani, aghalabu huwataja watunzi peke yao. Twamtaja Muyaka wa Mombasa, Mwana Kupona wa Pate, Shaaban Robert wa Tanga. Ni nadra tuulize: nani alizipiga chapa kazi zao? Nani aliziuza? Na leo hii, mtoto wa eneo hilo akitaka kuzisoma, atazipata wapi na kwa bei gani? Maswali haya yaonekana ya kibiashara tu, lakini ndiyo yanayoamua kama urithi utaishi au utabaki kuwa majina ya barabara na shule.

Kuna mji mmoja huko kusini-magharibi mwa Ufaransa unaotufaa kwa mfano. Ni mji wa Bordeaux, uliopo kando ya mto Garonne. Wengi wanaujua kwa mvinyo wake. Wachache wanajua kwamba ndiko insha, utanzu tunaowafundisha watoto wetu kila mwaka, ilikopigwa chapa kwa mara ya kwanza kwa jina hilo. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba mjini humo lipo duka la vitabu ambalo familia moja imelishikilia tangu mwaka wa 1896. Jina la familia, na la duka, ni Mollat.

Librairie na maktaba

Tuanze na neno, maana hapa ni ukumbi wa lugha. Kwa Kifaransa duka la vitabu huitwa *librairie*. Anayejua Kiingereza hudanganyika haraka akadhani hiyo ni maktaba, kwa kuwa maneno hayo mawili yanafanana kama ndugu. Ni ndugu kweli, ila kila mmoja ameolewa kwake. Maktaba kwa Kifaransa cha leo ni *bibliothèque*.

Hata hivyo, mambo hayakuwa hivyo siku zote. Katika karne ya 16, mwandishi Michel de Montaigne alikitumia hicho hicho *librairie* kuitia chumba chake cha vitabu, kilichokuwa katika mnara wa nyumba yake mashariki ya Bordeaux. Neno lilikuwa bado linabeba maana zote mbili: mahali pa kuweka vitabu na mahali pa kuviuza. Baadaye likaegemea upande mmoja.

Kiarabu nacho kina jambo kama hilo. *Maktaba*, neno lililotoka katika mzizi unaohusu kuandika, kwa Waarabu laweza kuwa mahali pa kusomea vitabu na vilevile duka la kuviuza. Kiswahili kilipolichukua kilishika maana moja, kikauacha upande wa biashara, kisha kikaunda kirai kirefu: duka la vitabu. Sina nia ya kupendekeza tubadilishe msamiati. Ninachosema ni kwamba lugha zilizoyaweka mambo haya mawili chini ya paa moja zilikuwa zimeona jambo la kweli. Duka zuri la vitabu ni maktaba inayouza, na linafanya kazi ya kuhifadhi hata kama halijapewa jina hilo.

Duka la familia

Albert Mollat alianzisha duka lake mwaka wa 1896, miaka ambayo huku kwetu reli ya Uganda ndiyo kwanza inaanza kujengwa kutoka Mombasa. Mwaka wa 1928 duka lilihamia Rue Vital-Carles, katikati ya mji, na liko hapo hadi leo. Kutoka hapo lilizidi kutanuka, likameza majengo ya jirani moja baada ya jingine. Siku hizi lina wafanyakazi zaidi ya 100, na hutajwa kuwa duka huru kubwa kuliko yote nchini Ufaransa. Kwa miongo mingi limeongozwa na Denis Mollat, mzao wa mwanzilishi.

Neno "huru" lataka ufafanuzi. Duka huru ni lile lisilo tawi la kampuni kubwa yenye maduka nchi nzima. Anayeamua kitabu gani kinunuliwe na kiwekwe wapi yumo humo humo dukani, wala hapokei orodha kutoka makao makuu. Kwa hivyo muuzaji wa sehemu ya historia ya eneo aweza kuagiza nakala mbili za utafiti kuhusu lahaja ya Kigaskoni, akijua kabisa kwamba wanunuzi wa kitabu hicho mjini wanahesabika kwa vidole.

Mollat haikuishia kuuza tu. Imewahi kuchapisha vitabu vyake yenyewe kuhusu mji na eneo linaloizunguka. Ina ukumbi wa mihadhara ambamo waandishi huzungumza na wasomaji bila malipo, na mazungumzo hayo hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti. Ukumbi huo unaitwa Station Ausone. Ausone ni jina la Kifaransa la Ausonius, mshairi wa Kilatini aliyezaliwa mjini humo katika karne ya 4, wakati mji ukiitwa Burdigala, akawa mwalimu wa mtoto wa mfalme wa Roma. Hivyo basi, anayekwenda kumsikiliza mwandishi chipukizi leo huketi chini ya jina la mshairi wa miaka 1,600 iliyopita. Hiyo ndiyo kazi ya urithi: kuufanya utumike, si kuufungia kabatini.

Na mahali penyewe pana historia. Duka limesimama pale palipokuwa na makao ya mwisho ya Montesquieu mjini Bordeaux. Tutamrejelea baada ya kumaliza na Montaigne.

Lugha ya nyumbani, chapa ya nyumbani

Montaigne alizaliwa mwaka wa 1533. Baba yake, aliyekuja kuwa meya wa Bordeaux, alikuwa na fikra za ajabu kuhusu malezi. Alimwajiri mwalimu Mjerumani aliyemsemesha mtoto Kilatini pekee, na akawaamuru watu wote wa nyumbani, wakiwemo watumishi, wasimwambie mtoto neno ila kwa Kilatini walichobahatika kukijua. Mtoto huyo alifika umri wa miaka sita akiwa anakisema Kilatini kama lugha yake ya kwanza, ilhali majirani wakizungumza Kigaskoni na serikali ikitumia Kifaransa.

Mtu kama huyo, alipoamua kuandika, ungemtarajia aandike kwa Kilatini. Ndiyo iliyokuwa lugha ya wasomi wa Ulaya nzima, lugha ambayo kitabu kingesomeka kutoka Lisbon hadi Krakow. Lakini wapi! Aliandika kwa Kifaransa, lugha ambayo wakati huo wengi waliiona changa, isiyotulia, isiyofaa kwa falsafa. Tena alikiri kwamba pale Kifaransa kilipomwishia maneno, hakuona haya kuazima Kigaskoni cha watu wa kwao. Msomaji wa Kiswahili anayesikia kila siku kwamba lugha hii "haitoshi" kwa sayansi au falsafa na aipime hoja hiyo kwa mfano huu. Kifaransa hakikutosha kwanza ndipo kikaandikwa. Kiliandikwa, ndipo kikatosha.

Kazi yake aliita *Essais*. Neno hilo maana yake ni majaribio, na asili yake ya Kilatini cha kale ilihusu kupima uzani. Kila sura ilikuwa jaribio la kuipima akili yake juu ya jambo fulani: urafiki, hofu, malezi ya watoto, kifo, hata vidole gumba. Neno letu insha limetoka Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kuunda au kutunga. Tofauti hii ina uzito. Anayeunda huanza na ramani. Anayejaribu huanza na swali asilolijua jibu lake. Katika mitihani yetu mwanafunzi hufundishwa kuunda: utangulizi, aya kadhaa za hoja, hitimisho, na methali mbili tatu za kupamba. Ni stadi muhimu. Lakini mwasisi wa utanzu huu alikuwa akijikosoa katikati ya aya, akibadilisha mawazo, akiongeza maelezo pembeni hadi siku zake za mwisho. Aliaga dunia mwaka wa 1592.

Sasa tutazame jambo ambalo wahakiki hulipita haraka. Toleo la kwanza la kazi hiyo lilitoka mwaka wa 1580, na halikutoka Paris. Lilipigwa chapa Bordeaux kwenyewe, na mpiga chapa wa hapo hapo aliyeitwa Simon Millanges. Paris ilikuja baadaye, katika toleo kubwa la mwaka wa 1588, baada ya kitabu kujipatia jina. Montaigne mwenyewe alitania kwamba kwao alilazimika kuwalipa wapiga chapa, na ugenini wapiga chapa ndio waliomlipa yeye. Naam, nabii hakosi heshima ila kwao. Hata hivyo, pasingekuwapo mpiga chapa wa kwao wa kuanzia, huenda huko ugenini wasingepata cha kukilipia.

Nakala moja ya toleo hilo la 1588, iliyojaa maandishi ya mkono ya Montaigne pembezoni mwa kurasa, imehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Bordeaux. Wataalamu huiita Nakala ya Bordeaux, na imekuwa msingi wa matoleo mengi ya kisasa. Mkaazi wa mji huo akitaka kuujua urithi wake hahitaji viza. Nakala ya mkono iko maktabani. Nakala ya kusoma kitandani iko dukani, mwendo wa miguu kutoka hapo.

Aliyekaa pale pale

Miaka 100 hivi baada ya Montaigne kufa, alizaliwa Montesquieu, mwaka wa 1689, katika ngome ya La Brède kusini ya Bordeaux. Alikuwa jaji katika mahakama kuu ya mji huo, na mkulima wa zabibu aliyeuza mvinyo wake hadi Uingereza. Mwaka wa 1721 alitoa riwaya ya barua, *Lettres persanes*, ambamo wageni kutoka Uajemi wanaitazama Ufaransa kwa macho ya mshangao. Mwaka wa 1748 akatoa *De l'esprit des lois*, kitabu kikubwa kuhusu roho ya sheria. Vyote viwili vilitoka bila jina la mwandishi na nje ya Ufaransa, cha kwanza Amsterdam, cha pili Geneva, kwa kuogopa mkono wa wakaguzi.

Msomaji wa Kenya amekutana na Montesquieu hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Tunapojadiliana kama Bunge limeingilia Mahakama, au kama Rais amevuka mpaka wake, tunatumia wazo alilolieleza yeye kuliko wengi: kwamba mamlaka ya kutunga sheria, ya kuitekeleza na ya kuamua kesi yasikae katika mkono mmoja. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 imejengwa juu ya wazo hilo.

Lakini urithi wa Bordeaux si wa fahari tupu. Mji ulitajirika pia kwa biashara ya watumwa, na katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 baadhi ya meli zake zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kuja kutafuta watu katika pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Montesquieu aliandika sura fupi inayojifanya kuutetea utumwa kwa hoja za kipuuzi mno hivi kwamba msomaji makini anabaki kuwacheka, na kuwachukia, wenye kuzitumia. Kejeli ni silaha, lakini hukata tu kwa anayeitambua. Wapo waliomsoma wakadhani ni mtetezi wa kweli. Mwaka wa 2019 mji ulisimamisha sanamu ya Modeste Testas kando ya mto. Alikuwa mwanamke mzaliwa wa Ethiopia, aliyenunuliwa na wafanyabiashara wa Bordeaux. Duka linalostahili jina lake huuza vitabu vya aina zote mbili: vinavyousifu mji na vinavyousuta.

Mauriac na macho ya majirani

Wa tatu ni François Mauriac, aliyezaliwa Bordeaux mwaka wa 1885 na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 1952. Riwaya zake hazitoki mbali na nyumbani: familia tajiri za mji, misitu ya misonobari ya Landes, joto la kiangazi, wivu wa mali na dini iliyogeuka mazoea. *Thérèse Desqueyroux*, ya mwaka wa 1927, inamhusu mwanamke anayemtilia mumewe sumu. Mbegu yake ilikuwa kesi ya kweli iliyosikilizwa Bordeaux mwaka wa 1906, Mauriac akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei.

Mwandishi wa namna hii hawapendezi majirani. Anayaanika mambo ya ndani, na majirani ndio hao wanunuzi wa kwanza wa kitabu. Hapo ndipo uhuru wa duka unapopimwa. Muuza vitabu wa mji mdogo anawajua wateja wake kwa majina. Akikiweka dirishani kitabu kinachowasema, atanuniwa. Akikificha, ameshiriki kuuzima urithi kabla haujawa urithi. Leo nyumba ya Mauriac iitwayo Malagar ni mali ya umma na wageni huitembelea. Lakini kitabu huwa kimevuka majaribu mengi ya dirishani kabla ya mwandishi kufanywa kivutio cha watalii.

Hesabu iliyo nyuma ya rafu

Mpaka hapa mtu aweza kusema: familia ya Mollat ilipenda vitabu, ndiyo maana duka limedumu. Mapenzi peke yake hayalipi mishahara ya watu 100. Kuna hesabu, na kuna sheria.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kitabu kina bei ya shilingi 1,000. Muuzaji hubaki na takriban thuluthi moja. Nyingine ni za mchapishaji, mpiga chapa, msafirishaji na mwandishi. Katika thuluthi hiyo atoe kodi, mishahara, umeme na hasara ya vilivyoharibika. Kinachobaki ni makombo. Duka linaishi kwa sababu vitabu vichache vinavyokwenda kasi huvibeba vingi vinavyokwenda polepole. Riwaya ya mapenzi iliyovuma, kitabu cha mapishi na vitabu vya shule ndivyo vinavyomlipia Montaigne nafasi yake rafuni.

Sasa supamaketi inaingia. Inachukua hiyo riwaya iliyovuma tu, inaiuza kwa shilingi 800, na hasara inafidiwa na sukari na sabuni. Mteja hana kosa kukimbilia bei nafuu. Lakini duka la vitabu limenyang'anywa punda wake wa mzigo, na mizigo ya polepole inabaki chini. Baada ya miaka michache duka limefungwa. Supamaketi nayo, isiyokuwa na haja na Montaigne, haimuuzi.

Hali hiyo ndiyo iliyoitisha Ufaransa miaka ya 1970, maduka makubwa yalipoanza kutoa punguzo la asilimia 20. Tarehe 10 Agosti 1981 ikapitishwa sheria inayojulikana kwa jina la Jack Lang, aliyekuwa waziri wa utamaduni. Ni rahisi kuieleza: mchapishaji huweka bei ya kitabu kipya, na hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuipunguza kwa zaidi ya asilimia 5. Kitabu kile kile kina bei ile ile katika supamaketi ya Paris na katika kijiduka cha kijijini. Ushindani haukuondolewa. Ulihamishwa kutoka kwenye bei kwenda kwenye huduma: nani ana vitabu vingi, nani anajua kushauri, nani anawaleta waandishi.

Biashara ya intaneti ilipokuja, kampuni kama Amazon zilipata mwanya: bei haikupungua, ila usafirishaji ulikuwa bure. Wabunge wakarudi mezani. Mwaka wa 2014 walikataza kuchanganya punguzo na usafirishaji wa bure, na tangu Oktoba 2023 oda ya vitabu chini ya euro 35 hutozwa angalau euro 3 za kusafirisha.

Je, sheria hiyo haina wapinzani? Wapo. Wanasema inamnyima msomaji maskini punguzo na kuwalinda wafanyabiashara kwa jina la utamaduni. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini ulinganisho upo. Uingereza ilikuwa na makubaliano kama hayo baina ya wachapishaji, yakavunjika mwaka wa 1995. Miaka iliyofuata, maduka huru ya huko yalipungua sana. Bordeaux kwenyewe, duka kubwa la Virgin Megastore lililokuwa Place Gambetta, karibu kabisa na Mollat, lilifungwa mwaka wa 2013 pamoja na mengine ya kampuni hiyo nchini humo. Lilikuwa na mtaji, jina na majengo. Duka la familia likabaki.

Na kwetu je?

Nchini Kenya mambo mawili yamelitikisa duka la vitabu. La kwanza ni ushuru. Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 iliviwekea vitabu asilimia 16, sawa na bidhaa nyinginezo. Ufaransa hutoza vitabu asilimia 5.5. Hapo hakuna kitendawili: nchi moja inakihesabu kitabu kama chakula, nyingine inakihesabu kama redio.

La pili ni vitabu vya shule. Tangu mwaka wa 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Nia ilikuwa njema: bei kushuka, wizi kupungua, na kila mwanafunzi kupata kitabu chake. Wanafunzi wengi walivipata kweli. Lakini vitabu hivyo ndivyo vilivyokuwa punda wa mzigo wa maduka yetu. Wauza vitabu walilalama kwamba soko lao limekatwa, na hesabu ya rafu iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kwamba hawakuwa wakilia kitoto. Duka la Kitale au Voi likifungwa, halifi na vitabu vya hisabati peke yake. Linakufa na diwani mbili, riwaya tano na kamusi zilizokuwa zikijibanza kwenye rafu ya juu.

Turudi kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka wa 1840. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu hadi mmishonari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alipoyakusanya mwishoni mwa karne hiyo. Diwani yake ilitoka mwaka wa 1940. Wapi? Johannesburg. Hati za Taylor ziko London. Mkaazi wa Bordeaux hutembea kwa miguu kuiona hati ya mwandishi wake. Mkaazi wa Mji wa Kale hupanda ndege. Profesa Mohamed Abdulaziz alifanya kazi kubwa alipotoa kitabu chake kuhusu Muyaka hapa Nairobi mwaka wa 1979, mashairi yenyewe yakiwemo. Lakini kitabu kikishatoka kinahitaji mtu wa kukitunza rafuni kwa miaka 40 inayofuata, na huyo hatumtaji kwenye makongamano yetu.

Wapo watakaosema Kenya si Ufaransa, na watakuwa wamesema kweli. Hatuna karne nne za wapiga chapa wala pato lile. Ila hatua nyingine hazihitaji utajiri. Kuondoa ushuru kwenye vitabu ni uamuzi wa Bunge, na vilikuwa havitozwi kabla ya mwaka wa 2013. Serikali za kaunti, zinazotumia fedha kwa sherehe za utamaduni kila mwaka, zinaweza kununua vitabu vya waandishi wa eneo kwa ajili ya maktaba zao, na kuvinunua kupitia maduka ya mjini humo. Vyuo vikuu vinavyofundisha ushairi wa Waswahili vinaweza kuhakikisha matini vinazozifundisha zinapatikana kwa bei ya mwanafunzi, badala ya kumwachia kila mmoja atafute kivuli cha fotokopi.

Na sisi wasomaji tuna sehemu yetu. Muuza vitabu huagiza kinachoulizwa. Tukiingia dukani kuuliza vitabu vya mtihani tu, ataweka vya mtihani tu, wala tusimlaumu. Ukipita dukani wiki hii, ulizia diwani ya mshairi mmoja wa kwenu. Ikiwa haipo, mwombe aiagize, umwachie namba ya simu, na ikifika urudi uilipe. Hata Mollat ilianza kwa duka moja na mtu mmoja aliyekubali kuagiza.